Roboti ya Tatu Ichaguliwe na Nani?

Kwenye mashindano ya roboti ya FIRST kuna kipindi kifupi ambacho hakuna mota hata moja inayozunguka, nacho ndicho kinachozua ugomvi kuliko vyote. Mechi za awali zimekwisha. Timu nane za juu kwenye msimamo zinasimama uwanjani, na nahodha wa kila moja anapewa kipaza sauti aite timu anayotaka kwenda nayo kwenye mchujo. Duru ya kwanza inaanzia kwa nahodha wa kwanza hadi wa nane. Ya pili inarudi kinyumenyume, wa nane hadi wa kwanza. Duru hizo zikiisha, timu 24 zimepata miungano ya tatu tatu, na waliobaki wanaanza kufungasha.

Mashindano haya aliyaanzisha Mmarekani Dean Kamen, na yalichezwa mara ya kwanza mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa sekondari mjini Manchester, New Hampshire, yakiwa na timu 28. Miungano ilianza 1999, na tangu 2005 ni roboti tatu dhidi ya tatu. Katika mechi za awali, wenzako unapangiwa na ratiba, mechi hii hawa, mechi ijayo wale. Kwenye mchujo unawachagua mwenyewe, na hapo ndipo data ilipoingilia. Siku hizi timu yenye watu wa kutosha inaweka maskauti sita jukwaani, kila mmoja na roboti moja ya kuikodolea macho kwa kama dakika mbili na nusu, akigusa kishikwambi kila kifaa cha mchezo kinapowekwa au kuanguka.

Nimewaketisha watu watatu wa kubuni katika chumba cha hoteli huko Texas, msimu wa 2023, ambao mchezo wake ulikuwa wa kupachika koni na michemraba kwenye rafu, usiku wa kuamkia uchaguzi. Timu yao ni ya pili kwenye msimamo wa timu 40. Mtakwimu ni msichana wa kidato cha juu anayeongoza maskauti. Fundi ni mzee anayewalea vijana hawa karakanani. Nahodha ndiye atakayeshika kipaza sauti kesho. Wanazungumza Kiswahili kwa sababu mimi ndiye niliyewaita.

MTAKWIMU: Shikamoo, Fundi. Nianze na hesabu, maana watu wanaiogopa bure. Timu 40, kila moja imecheza mechi 12, jumla mechi 80. Kila mechi ina pande mbili, na kila upande una timu tatu na pointi zake. Hiyo ni milinganyo 160, na tunatafuta namba 40 tu, yaani mchango wa kila timu. Kompyuta inatafuta namba zinazokaribiana zaidi na matokeo yote kwa pamoja. Ndiyo OPR hiyo. Timu 1114 ya Ontario, Kanada, ilikuwa miongoni mwa zilizoitumia mapema, katikati ya miaka ya 2000, na mpaka leo timu nyingi kubwa huitazama. Sasa, timu iliyo ya nne kwenye msimamo wetu, kwa OPR ni ya 19. Ratiba iliipa wenzake wakali karibu kila mechi. Iliyo ya 22, kwa mchango ni ya sita. Msimamo unakuambia nani alishinda. Haukuambii nani alibebwa.

FUNDI: Marahaba, binti. Kwa hilo sina ugomvi nawe. Anayechagua kwa msimamo anachagua bahati ya mwenzake. Ila umejumlisha hizo timu kana kwamba hazitacheza kwenye uwanja mmoja. Tazama rafu ya mwaka huu. Safu ya juu ina nafasi 9. Sita ni milingoti ya koni, tatu ni vibao vya ile michemraba laini ya zambarau. Roboti yetu inatundika koni nne juu kila mechi. Ya kwanza kwenye orodha yako inatundika nne. Ya pili nne. Kwenye jedwali lako hizo ni koni 12. Milingoti ni sita. Zilizobaki utazitundika wapi?

MTAKWIMU: Safu ya kati.

FUNDI: Ambako pointi ni 3, wakati juu ni 5. Na hapo sijasema roboti tatu zikigombea eneo moja la kuchukulia koni zitagongana namna gani.

Niingilie kidogo. Fundi amegusa pahala penyewe. OPR inachukulia kwamba pointi za timu tatu hujumlishwa tu, na msimu huo rafu yenyewe ilikuwa na mwisho: nafasi 27, zikijaa zimejaa. Waandaaji nao waliliona. Kuelekea mwisho wa msimu waliongeza kanuni iliyoruhusu muungano uliokwisha kujaza rafu yote uendelee kupata pointi kwa kupachika vifaa vingine juu ya vilivyopo. Kanuni ikibadilishwa katikati ya safari kwa sababu miungano mikali imegonga dari, ujue kujumlisha peke yake kulikuwa kumeshafika kikomo.

MTAKWIMU: Ndiyo maana sitegemei OPR peke yake, Fundi. OPR inasoma ubao wa matokeo, na ubao haujui nani kaweka nini. Tena inambebesha mtu sifa ya adhabu za mpinzani: mpinzani akivunja kanuni, pointi zinakuja upande wako, na hesabu inadhani roboti yako imefanya kazi. Maskauti wangu wanahesabu koni na michemraba mbalimbali, juu, kati na chini, tena wanaandika roboti ilipozimika. Nikitaka mwenza anayeweka michemraba zaidi ya koni, ninao watano hapa kwa mpangilio.

NAHODHA: Dada, naomba nikuulize kuhusu mechi ya 41. Nimejumlisha koni na michemraba ambayo maskauti wetu watatu waliiandikia upande mwekundu. Ni tisa. Kwenye video nimehesabu 12. Tatu zimekwenda wapi?

MTAKWIMU: (kimya kidogo) Mechi ya 41 ilikuwa baada ya chakula cha mchana.

Hili la baada ya chakula si mzaha. Timu haziruhusiwi kuwasha mtandao wao wa wi-fi ukumbini, kwa kuwa roboti nazo zinaendeshwa kwa mawimbi. Kwa hiyo kila mechi ikiisha, skauti anageuza kishikwambi chake, kinaonyesha msimbo wa QR, mwenzake anapita na kamera kuichukua data ya wote sita, halafu wanakaa kusubiri mechi ijayo. Fanya hivyo tangu asubuhi hadi jioni, siku mbili mfululizo, kwenye viti vya plastiki, muziki ukipigwa kwa sauti ya kupasua masikio. Mtoto wa miaka 15 atatazama simu. Atamuuliza jirani yake, "Ile ya kijani imeweka ngapi?" na jirani atakisia. Kisha lile kisio linaingia kwenye jedwali, linapewa desimali mbili, na usiku wazee wazima wanabishana juu yake kana kwamba limetoka maabara.

Hata hivyo alichokifanya Nahodha ndiyo dawa yenyewe: kulinganisha jumla ya maskauti na kilichoonekana kweli, mechi moja moja, na pasipolingana, skauti wa zamu hiyo anapumzishwa. Sioni aibu yoyote kwa data kukaguliwa. Nashangaa zaidi timu zinazokusanya vipengele thelathini kwa kila roboti na hazina hata mtu mmoja wa kukagua.

FUNDI: Mimi nilishuka kwenye mabanda ya matengenezo. Timu mliyoipa nafasi ya 30, mnajua kwa nini ilisimama mechi mbili? Plagi ya umeme ya redio ilikuwa inachomoka roboti ikigongwa. Nimeiona kwa macho yangu. Sasa wameibana kwa gundi moto na kuifunga. Tangu hapo imecheza mechi nne bila kuzimika hata sekunde moja. Jedwali lenu bado linaiadhibu kwa plagi.

MTAKWIMU: Kwa mechi hizo nne wastani wake ni upi?

FUNDI: Hilo sikuhesabu.

MTAKWIMU: Nimehesabu sasa hivi. Vifaa vitatu na nusu kila mechi. Kabla ya hapo vilikuwa viwili. Naipandisha hadi ya 21. Na ile timu uliyoisifia tangu juzi, yenye nyaya zilizopangwa vizuri na mkono wa alumini unaong'aa? Kifaa kimoja na nusu kwa mechi. Umeipenda kwa sababu imetengenezwa vizuri, Fundi, na kweli imetengenezwa vizuri. Haifungi.

FUNDI: (anacheka) Haya, hiyo umenipata.

Jicho la fundi lina ugonjwa wake, na si vibaya kuutaja. Linakumbuka mechi ya mwisho kuliko ya kwanza. Linakumbuka koni iliyotundikwa sekunde ya mwisho huku ukumbi ukipiga kelele, na kusahau nne zilizoanguka asubuhi. Pia lina huruma kwa kazi nzuri ya mikono. Watu wengi wanaoidharau data hawajawahi kuandika walichokiona kisha wakakilinganisha na video.

NAHODHA: Mimi nina shida nyingine. Kesho tutachagua wa pili kwenye duru ya kwanza. Pale hakuna ubishi, nyote mna majina yale yale mawili. Lakini duru ya pili inarudi nyuma, sisi tutakuwa wa 15 kati ya miito 16. Timu 22 zitakuwa zimeshachukuliwa. Zitabaki 18, na mimi nitakuwa nimesimama pale na kipaza sauti, watu wote wananitazama. Kati ya hizo 18, jedwali linasema tofauti kati ya timu ya kwanza na ya nane ni pointi mbili. Pointi mbili, kwa maskauti waliopoteza vifaa vitatu mechi moja, zina maana gani?

MTAKWIMU: Hazina maana kubwa.

NAHODHA: Basi nichague kwa lipi?

Hapa ndipo mjadala unapoanza kwangu. Kijana ameona jambo ambalo wakubwa wote wawili walikuwa wanalizunguka. Roboti bora ya uwanjani haihitaji skauti. Hata anayeuza soda nje ya ukumbi ataionyesha kwa kidole. Muungano unajengwa kwa roboti ya tatu, na roboti ya tatu inatoka mahali ambapo namba zinafanana. Pale data inapotakiwa zaidi ndipo inapokuwa hafifu zaidi.

FUNDI: Chagua kwa tepu ya kupimia.

NAHODHA: Vipi?

FUNDI: Mwisho wa mechi mnapanda jukwaa, sivyo? Lile linaloyumba kama pembea, mpaka litulie sawasawa. Kila roboti iliyo juu yake likiwa limetulia ina pointi 10, tatu ni 30. Likibaki limeinama mnapata sita sita tu. Sasa upana wa jukwaa ni futi 8 na inchi moja na kidogo. Roboti yetu ni mraba wa inchi 30, weka na mabampa, inakaribia futi 3. Mwenza tutakayemchukua kwanza yuko hivyo hivyo. Ongeza ya tatu ya namna hiyo, mmefika futi 9. Hamtoshi, labda mmoja aning'inie nusu nje. Kati ya timu zako 18 zilizobaki kuna mbili nyembamba. Nilizipima leo. Moja upana wake na mabampa ni chini ya inchi 30. Hiyo hapo, ikining'inia inchi chache tu nje, inatupa nafasi ya pointi 30 bila kuweka koni hata moja.

MTAKWIMU: Hilo sina kwenye jedwali.

FUNDI: Huna, kwa kuwa hukuuliza.

MTAKWIMU: Nitaliongeza. Lakini Fundi, usije ukadhani umeshinda. Upana ni namba. Umekwenda na tepu ukarudi na data.

FUNDI: Basi nikupe ya zamani. Mwaka 2008, kule Atlanta, mabingwa walikuwa 1114, 217 na 148. Mchezo ulikuwa wa kuzunguka uwanja na kurusha mipira mikubwa juu ya daraja la kati. Kurusha juu kulikuwa na pointi 8, kuvuka mstari wako pointi 2. Roboti ya 148 haikujengwa kurusha mpira juu ya lile daraja. Ilijengwa kukimbia. Timu ngapi zingeifuta kwenye orodha kwa sababu haifanyi jambo lenye pointi nyingi?

MTAKWIMU: Mfano huo ni wangu, si wako. Mizunguko inahesabika kuliko kitu chochote. Skauti mwenye kidole kimoja anaihesabu. Anayeifuta hana tatizo la data, ana tatizo la kudhani pointi nyingi kwa tendo moja ni bora kuliko pointi mbili mara nyingi.

Nampa Mtakwimu hoja hii yote. Tunapenda kusema jicho huona kisichohesabika, lakini mara nyingi kinachoitwa hivyo ni kile ambacho hakuna aliyejisumbua kukihesabu. Kilicho kigumu kweli kuhesabu ni ulinzi. Roboti ikivuka kwenda kumzuia mpinzani, mafanikio yake yanaonekana kama koni ambazo mwingine hakuziweka, na utajuaje angeweka ngapi? Kuna watu wamejaribu kugeuza hesabu ya OPR iseme nani huwapunguzia wapinzani pointi. Kwa mechi 12, makelele yanazidi habari. Hapo afadhali skauti mmoja mwenye akili ya mchezo aandike sentensi mbili kwa mkono.

NAHODHA: Kuna jambo lingine hamjalisema, na mimi ndiye nitakayelibeba. Kwenye faili letu kuna karatasi ya timu zisizochaguliwa kamwe. Ziko saba. Mbele ya moja kuna mtu ameandika "dereva kichwa maji". Timu hiyo ndiyo iliyotuazima betri jana tulipokwama. Karatasi ile ikiokotwa jukwaani tutawaambia nini?

FUNDI: Kijana wangu, ichane.

MTAKWIMU: Isichanwe, iandikwe upya. Dereva huyo amegonga roboti za wenzake wa upande wake mara tatu, nina namba za mechi. Tuandike hilo: "aligongana na wenzake, mechi ya 9, 27 na 52." Mtu akiiokota, tunaweza kulitetea mbele yake.

Marehemu Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyesaidia kuyalea mashindano haya tangu mwanzo, alisisitiza siku zote kwamba ushindani mkali na heshima vinaweza kukaa pamoja. Karatasi za namna hii ndizo zinazopima maneno hayo. Nami naona Mtakwimu amejibu vizuri kuliko mzee wake. Kuchana karatasi kunaficha kauli mbaya. Kuandika tukio kunalazimisha kauli iwe ya haki. Lakini la betri halifutiki kirahisi. Muungano unafanya kazi ya pamoja kwa saa kadhaa, roboti zinaharibika, muda wa matengenezo ni mfupi. Timu inayokimbia na bisibisi kwenda kumsaidia jirani ina thamani kwenye mchujo, na thamani hiyo haimo kwenye kishikwambi cha mtu.

Kuna hila za kuita na kukataa pia, nitazipita haraka. Timu ikikataa mwaliko, hakuna nahodha mwingine anayeruhusiwa kuialika. Inabakiwa na njia moja, kuwa nahodha yenyewe kama msimamo unairuhusu. Ndiyo maana nahodha wa kwanza mara nyingine huwaalika wapinzani wake wa karibu mmoja baada ya mwingine akijua watakataa, ili wasiungane wao kwa wao. Ni halali. Data ikionyesha kwamba wa tatu na wa tano wakiungana utafungwa, utafanya hivyo bila kufumba jicho, na usiku mtu atakulaani.

Sasa hukumu yangu. Chaguo la kwanza mwachieni Mtakwimu. Akili nyingi hapo ni za kujionyesha. Orodha nayo iwe yake, majina 24 au zaidi kwa mpangilio, kwa kuwa nahodha aliyesimama uwanjani hana muda wa kufikiri upya kila jina linapokatwa. Lakini roboti ya tatu achague Fundi, ndani ya majina manane ambayo jedwali limeshindwa kuyatofautisha, na achague kwa swali moja lililoandikwa kabla: muungano wetu umepungukiwa na nini? Kwa timu ya leo jibu ni wembamba. Msimu mwingine litakuwa ulinzi, au roboti isiyozimika tu. Na Nahodha awepo chumbani tangu mwanzo wa kikao mpaka mwisho. Nahodha anayepewa orodha tayari asubuhi hataweza kuitetea jina la tano likikatwa.

Najua wasomaji wengine wa safu hii wanalea vijana wa roboti Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, na wengine walifuatilia FIRST Global, mashindano ya Kamen yaliyoanza Washington mwaka 2017, ambako kila nchi hupeleka timu moja na mataifa hucheza kwa miungano. Tanzania na Kenya zimekuwa zikipeleka timu. Timu ndogo haina watu sita wa kukaa jukwaani. Waliopo wanaendesha roboti, wanabadilisha betri na kukimbizana na skrubu. Msiige mfumo wa vishikwambi sita. Tafuteni timu mbili za jirani, kila moja itoe watu wawili, mgawane roboti za kutazama na mbadilishane karatasi jioni. Kalamu na daftari vinatosha kwa vitu vitatu: aliweka ngapi, alizimika lini, aligongana na nani. Mtu wenu mmoja abaki huru kabisa, ashuke kwenye mabanda na tepu, asalimie, aulize, apime.